Jina la Kasisi, Ua la Mlimani

Atokaye pwani kwa barabara kuu ya kwenda Zambia hupanda bila ya kujijua. Huuacha mnazi wa mwisho kabla ya Morogoro, hupita mbuga ya Mikumi, kisha huingia Kitonga, ambako malori hukoroma na kujikongoja kama wazee wanaopanda ngazi. Iringa humpokea kwa upepo mkavu, Mafinga kwa misonobari, Makambako kwa baridi. Afikapo Uyole, njia humgawanyikia: moja huendelea magharibi kwenda Mbeya mjini na Tunduma, na ya pili hukata kusini, ikapita Tukuyu na kuteremka Kyela hadi mpaka wa Malawi. Uyole iko takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai hapo mtu hulala na mablanketi mawili, na mkarafuu ukipandwa hauoni mwaka wa pili.

Katika nchi hiyo ya baridi, kingoni mwa misitu, kandokando ya vijito na juu ya miteremko ya mawe, huota mti mfupi ambao mshairi wa visiwani angeupenda kama angeuona. Majani yake ni marefu na membamba, yamekunjamana juu kama ngozi ya kiganja cha mfinyanzi, na chini yana weupe wa majivu. Mwaka mzima hayapukutiki. Maua yake ni madogo mno, lakini hukusanyika mamia kwa mamia katika mashada yaliyochongoka, meupe au ya zambarau nyepesi, na kila ua lina jicho la rangi ya chungwa katikati. Harufu yake ni ya asali. Jua likishapanda, vipepeo huja, wakatua juu ya shada moja kumi kwa pamoja, wakifungua na kufunga mbawa.

Kiswahili sanifu hakina jina la mti huu. Wala si ajabu. Lugha iliyofanywa sanifu kuanzia mwaka 1930 chini ya kamati ya nchi za Afrika Mashariki ilijengwa juu ya Kiunguja, na Kiunguja kilizaliwa na kulelewa penye mikoko, minazi na mikarafuu. Lugha huvipa majina vitu vinavyopita mbele ya mlango wake. Kwa hiyo mwenye kutaka kuuzungumzia mti wa Uyole kwa Kiswahili hulazimika kuukopa jina lake la kitaalamu, Buddleja, akalitamka badleya, kisha akaongeza maelezo. Na jina hilo lenyewe lina kisa.

Adam Buddle alikuwa kasisi wa Kiingereza katika jimbo la Essex, aliyefariki mwaka 1715. Mapenzi yake makubwa yalikuwa kuvumwani na mimea midogo midogo ya mawe na magogo, vitu ambavyo waumini wake walivikanyaga wakienda kanisani. Alikausha mimea ya kwao, akaibandika juu ya karatasi na kuiandikia maelezo, na mkusanyo wake umehifadhiwa London hadi leo. Mti unaobeba jina lake hakuupata kuuona. Ulifika Uingereza baada ya yeye kuzikwa, ukitoka pande za Karibi, na daktari mmoja mkusanyaji wa mimea, William Houstoun, ndiye aliyetaka uitwe kwa heshima ya kasisi huyo. Carl Linnaeus wa Sweden, mtu aliyejitwika kazi ya kuvipa majina vyote vyenye uhai, alilipokea jina hilo na kulitia katika kitabu chake kikuu cha mimea cha mwaka 1753.

Mti wa milima ya Afrika haukuingia katika ukoo huo mara moja. Linnaeus alipoupata, mwaka 1759, aliudhani ni wa jamaa ya lantana, ile lantana ambayo leo wakulima wa Tanzania wanaijua kwa kero yake mashambani. Jean-Baptiste de Lamarck wa Ufaransa ndiye aliyeuhamishia kwenye nyumba ya Buddle mwaka 1792, ukawa Buddleja salviifolia, yaani badleya yenye majani kama ya salvia. Salvia ni kiungo cha jikoni cha Wazungu, na ni binamu wa mrehani wetu. Mtu aliyezoea kutia mrehani katika kikuba angeweza kuufananisha mti huo na kitu cha kwao vilevile. Hakuulizwa.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana pwani yenyewe ina kisa kinachokwenda kinyume cha hiki. Mkilua ni mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania na wa visiwani. Ua lake la manjano, kilua, halina mbwembwe za rangi, lakini harufu yake imewatia washairi na maharusi wazimu kwa karne nyingi. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt, aliyefanya kazi Nairobi na baadaye Kew, alitambua kwamba mti huu hauna jamaa wa karibu kiasi cha kuuweka katika jenasi yoyote iliyokwisha kutajwa, akaufanyia jenasi yake mwenyewe. Hakutafuta kasisi wala gavana wa kuupa heshima hiyo. Aliuita Mkilua, na jina lake kamili ni Mkilua fragrans, mkilua wenye kunukia. Leo mtaalamu wa Tokyo au wa São Paulo akitaka kuutaja mti huo hana budi kutamka Kiswahili.

Tofauti baina ya miti hii miwili haimo katika uzuri wao, imo katika nani alikuwa karibu na kalamu. Kilua kilikuwa katika nywele na vifua vya wanawake wa miji iliyokuwa na waandishi. Pwani ilipata hata kasisi wa aina yake: Charles Sacleux, Mfaransa aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo mwishoni mwa karne ya 19, ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1939, imejaa majina ya mimea ya pwani pamoja na yale ya Kilatini. Yeye mwenyewe aliikusanya na kuikausha, hata ipo jenasi ya mimea iitwayo Sacleuxia. Mlimani mambo yalikwenda vingine.

Mmisionari Theodor Meyer na wenzake wa Kanisa la Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na Wajerumani wa serikali wakaweka makao Langenburg, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Mwishoni mwa muongo huo akaja kijana aitwaye Walter Goetze, aliyetumwa kukusanya mimea ya ziwa hilo na ya milima ya Wakinga. Alitembea kwa miguu na wapagazi kupita Uhehe, Ukinga, Rungwe na Usafwa, nchi ambayo Uyole imo ndani yake. Jioni walipotua, mimea ya siku ile ilipangwa baina ya karatasi, ikakandamizwa, ikageuzwa na kukaushwa motoni pale mvua ilipokataa kukatika. Goetze hakuirudia Ujerumani. Homa ilimwua Langenburg mwezi Desemba 1899, hajafika hata miaka thelathini. Mimea yake ndiyo iliyosafiri, ikapokewa Berlin na Adolf Engler, mkuu wa bustani ya mimea ya huko, aliyeichambua na kuichapisha. Mgunga uitwao goetzei umelihifadhi jina la kijana huyo.

Baada yake alikuja Adolf Stolz, mmoravian aliyekaa Kyimbila, karibu na mji unaoitwa leo Tukuyu. Huyu hakuwa mpita njia. Aliishi na misitu ya Rungwe kwa miaka, akaokota alichokiona njiani, akakiandikia tarehe na mahali, na alipokufa, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, karatasi zake zilikuwa zimehesabika kwa maelfu. Jina lake nalo limebaki katika mimea mingi ya eneo hilo, miongoni mwake maua ya jamii ya okidi. Katika orodha za kazi kama hizo, wapagazi na vijana waliojua ni kijito gani kina ua gani hawatajwi, ingawa haielekei kwamba mgeni angeukuta mmea uliojificha nyuma ya mwamba wa Rungwe bila ya mtu wa kumshika mkono.

Usiku wa tarehe 1 Machi 1943 ndege za Uingereza ziliipiga Berlin kwa mabomu. Jengo lililohifadhi mimea iliyokaushwa liliwaka, na sehemu kubwa ya hazina yake ikawa majivu. Humo yalikuwamo majani ya Rungwe, ya Ukinga, ya Usafwa, yaliyobebwa vichwani hadi ziwani na kuvushwa bahari. Nakala kadhaa zilikuwa zimekwisha kupelekwa katika hifadhi nyingine za Ulaya, na hizo ndizo zinazotegemewa hadi leo. Lakini sehemu ya kumbukumbu iliyoandikwa ya Nyanda za Juu Kusini iliteketea katika mji ambao wenyeji wa Nyanda hizo hawakupata kuuona.

Na katika vita hivyohivyo, London ilipobomolewa na mabomu ya Wajerumani, mmea mmoja uliota juu ya vifusi vyake kwa wingi hata watu wakauzoea kama alama ya magofu. Ulikuwa ni badleya. Si ule wa Afrika, bali ndugu yake wa China, Buddleja davidii, aliyepewa jina la padri Mfaransa Armand David, yuleyule aliyewafahamisha Wazungu habari za panda mwaka 1869. Mbegu zake ni nyepesi kama vumbi, na vifusi vya matofali na chokaa ndivyo udongo alioupenda.

Huyu ndugu wa China ndiye aliyeshinda katika bustani za dunia. Mashada yake ni marefu zaidi, rangi zake nyingi zaidi, na wauza miche wa Ulaya wamemzalisha aina kwa aina. Mtu akifungua kitabu cha bustani na kusoma habari za mti wa vipepeo, aghalabu ni yeye anayesomwa. Ana kasoro zake. Kwenye baridi kali hupukutisha majani, akabaki fimbo tupu. Tena hana adabu ya mgeni: Uingereza na New Zealand amekwisha kuingia porini, na katika jimbo la Oregon nchini Marekani amehesabiwa kuwa gugu. Yupo na ndugu wa tatu, wa Madagaska, mwenye maua ya manjano iliyoiva yanayoning'inia, asiyepukutisha majani, ambaye naye huko Hawaii amegeuka msumbufu. Ipo na badleya ya nne inayofaa kutajwa kwa ajili ya wasomaji wa pwani, nayo ni Buddleja polystachya, ambayo huota katika milima ya Kenya, Tanzania kaskazini na Ethiopia, ikavuka Bahari ya Shamu hadi milima ya Yemen. Waliotoka Yemen wakaja kuishi visiwani waliuacha nyuma yao mti ambao ungewangoja katika milima ya bara, lau wangepanda huko.

Basi ni jambo la kutia uchungu kidogo kwamba mwenye bustani katika Nyanda za Juu, akitaka mti wa kuita vipepeo, huweza kutafuta mche wa ukoo wa China hali wa kwao umesimama ng'ambo ya kijito. Tena wa kwao haupukutiki, huvumilia jalidi, na haumdai mtu maji kiangazi chote. Mapato ya bustani za wakoloni ni haya: yalifundisha jicho kwamba ua la bustani ni lile linalotoka mbali.

Uyole yenyewe inajua thamani ya jina. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970 nchi za Nordiki ziliisaidia Tanzania kujenga pale kituo kikubwa cha kilimo, cha mafunzo na utafiti, ambacho leo kimo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Hapo zimetoka mbegu za maharage ambazo zimekwenda mbali kuliko watu wengi wa Uyole: Uyole 84, Uyole 96, Njano Uyole. Mkulima asiyepata kukanyaga Mbeya hulitaja jina la mahali hapo akiwa shambani kwake. Ni heshima iliyostahili, kwani maharage hulisha. Ila yaonyesha kwamba kuupa mmea jina la kwao si kazi ngumu, pale inapotakiwa.

Kusini-mashariki ya Uyole, juu zaidi, iko Kitulo, uwanda ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Mvua zikishika, nyasi zake hufunikwa na maua, na zimehesabiwa humo aina zipatazo 45 za okidi. Uwanda huo ulipata kulimwa pareto na kufugwa kondoo, kisha ng'ombe wa maziwa. Halafu likaja janga jingine: viazi vya okidi vilichimbwa kwa mamilioni kila mwaka na kupelekwa Zambia, ambako husagwa na kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Mwaka 2005 Kitulo ikawa hifadhi ya taifa, ya kwanza Tanzania iliyotengwa hasa kwa ajili ya maua. Lakini badleya hukaa ukingoni, baina ya msitu na shamba, kando ya maji, na ukingo ndio kitu cha kwanza kufyekwa panapoongezwa tuta la viazi au mstari wa mikaratusi. Hifadhi hulinda uwanda na msitu. Ukingo hauna mlinzi.

Hapo kipepeo naye huingia katika hesabu. Washairi wamemzoea kipepeo kama pambo, na lugha yenyewe imewasaidia: kipepeo huyu ni mdudu, kipepeo hiki ni cha ukindu, cha kujipepea wakati wa joto, na mizani haibadiliki. Mfuga vipepeo hamwoni hivyo. Huko Gede, pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, wanavijiji walianza kufuga vipepeo mwaka 1993 na kuuza mabundo yao ng'ambo. Amani, katika Usambara Mashariki, wakafuata miaka ya mwanzo ya 2000. Na Unguja kikafunguliwa kituo kijijini Pete, jirani na msitu wa Jozani. Wa Amani waliumia serikali ilipopiga marufuku kusafirisha wanyama hai nje ya nchi mwaka 2016. Watu hawa wote hujua jambo ambalo vitabu vya bustani hulipitia mbio: kipepeo ana maisha mawili. Akiwa na mbawa hunywa mbochi, na badleya humkirimu. Akiwa kiwavi hula majani, na kila ukoo una jani lake usiloweza kuacha. Yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hutaga juu ya mlimau na mndimu. Yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi hutafuta mimea yenye utomvu mweupe. Badleya ni mkahawa. Anayefyeka kila kitu akapanda badleya peke yake amewajengea vipepeo mkahawa katika mji usio na nyumba.

Mwaka 2024 wataalamu wa mimea wa dunia walikutana Madrid, wakapiga kura 351 kwa 205 kwamba majina ya mimea yenye neno caffra yabadilishwe kuwa affra. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa. Neno hilo ni la Kiarabu, Wareno walilichukua baharini, na huko kusini mwa Afrika likageuka tusi la kumdhalilisha mtu mweusi. Kisha likabandikwa juu ya mimea zaidi ya mia mbili. Hoja za kuliondoa zilitoka Afrika Kusini. Kanuni za wataalamu hao hazimruhusu mtu kuliondoa jina kwa sababu tu halipendi, na Buddle, mtu mpole wa kuvumwani, hakumtukana yeyote. Jina lake litakaa. Lakini jina la Kilatini halimzuii Mswahili kuwa na lake, na kazi hiyo haina mkutano wa kuingoja: Wasafwa, Wanyakyusa, Wakinga, Wabena na Wahehe ndio majirani wa mti huu, na kamusi ya Kiswahili imekwisha kupokea maneno ya bara mengi tangu siku za Sacleux.

Kwa anayetaka kuupanda, mti hauna makuu. Vijiti vya urefu wa shibiri hukatwa katika matawi yasiyo machanga sana wala hayajakomaa kuwa kuni. Majani ya chini huondolewa, vijiti vikachomekwa katika mchanga uliochanganywa na udongo, kivulini, na maji yakatiwa kwa kiasi. Mizizi ikishika, mche hupelekwa juani. Udongo wa Uyole, wenye majivu na mawe mepesi yaliyotemwa zamani na volkano za Ngozi na Rungwe, haushiki maji, na hivyo ndivyo badleya itakavyo. Miguu iliyolowa huiua upesi kuliko baridi. Huweza kupita mita 4, na mtu akitaka ua wa kuzungushia nyumba hukata apate kimo akitakacho.

Wakati wa kukata ndio wa kuangalia. Vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya ndugu wa China huagiza kukata sana baridi inapokwisha, maana yeye huchanua juu ya matawi ya mwaka uleule. Badleya ya milima ya Afrika huchanua juu ya matawi ya mwaka uliopita. Kusini mwa bara ni Agosti hadi Oktoba. Akatwe baada ya maua kunyauka, mvua za Novemba zimkute na nafasi ya kuchipua. Anayemkata Julai kwa kufuata kitabu cha London huufyeka mwaka mzima wa maua, na vipepeo wakija huukuta mti una majani tu.